Lugha za Kueleza Maunzi na Tatizo la Neno "Programu"

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji uangalifu ni zile zihusuzo lugha za kueleza maunzi, yaani lugha ambazo wahandisi huzitumia kubuni saketi za kompyuta. Mashuhuri kati yake ni mbili: VHDL, iliyoanzishwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kusanifishwa mwaka 1987, na Verilog, iliyosanifishwa mwaka 1995. Kwa kuwa maandishi yake hufanana na yale ya programu, mfasiri huvutwa kuyaita "programu". Hapo ndipo anapopotoshwa mwanafunzi, hasa yule aliyekwisha kuzoea kuandika programu.

Programu ni mfululizo wa amri ambazo, kwa kawaida, kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Maelezo ya maunzi ni kama ramani ya kitu kitakachoundwa, na sehemu za kitu hicho hufanya kazi kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa A na B zinazotakiwa kubadilishana thamani. Katika programu, tukiandika "A ichukue thamani ya B", kisha "B ichukue thamani ya A", zote mbili zitabaki na thamani ya B, kwani ile ya A imekwisha kufutwa. Katika Verilog, tukitumia alama <= katika sehemu inayoongozwa na mapigo, sentensi hizo mbili zinatosha. Pigo lijapo, kila moja huchukua thamani ambayo mwenzake alikuwa nayo kabla ya pigo. Vivyo hivyo, agizo la kurudia jambo mara nane katika programu hutumia muda. Katika maelezo ya maunzi, kwa kawaida huzaa nakala nane za saketi.

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Maandishi haya yaitwe "maelezo", wala yasiitwe "programu".

(b) Kinachoongoza mwendo wa saketi kiitwe "mapigo", si "saa", kwani hakimwonyeshi mtu wakati.

(c) Kazi ya kugeuza maelezo kuwa saketi iitwe "usanisi", neno ambalo walimu wa sayansi wanalifahamu.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni. Istilahi isiyofaa humfunza mwanafunzi kosa kabla hajaanza somo lenyewe.