Nzi wa Maembe: Mtego wa Harufu Hautoshi Peke Yake

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea huko Makueni kilitundika mitego, nayo ikajaa nzi. Wakafurahi sana. Lakini siku ya kuvuna, broka alipasua maembe matatu, akakuta funza, akaondoka na lori tupu. Karo ya shule ikaenda hivyo. Je, kosa lilikuwa wapi?

Wadudu wengi huitana kwa harufu iitwayo feromoni. Kwa nzi huyu, aliyegunduliwa Pwani ya Kenya mwaka 2003, dume ndiye anayemwita jike. Dume hupenda sana kula methili yujenoli, kitu chenye harufu kinachopatikana katika mimea mingi, kwani humsaidia kutengeneza harufu ya kumvutia jike. Ndiyo hiyo tunayoiweka mtegoni pamoja na sumu kidogo.

Basi, mtego huu unanasa madume tu! Anayetoboa embe na kutaga mayai ni jike, naye haingii humo. Na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike wengi. Mtego unapunguza nzi, na unatuonyesha wameanza kuongezeka lini. Lakini haumalizi kazi.

Tufanye hivi:

1. Tundika mtego kivulini, ndani ya matawi, maembe yakiwa bado machanga. Paka grisi kwenye waya ili sisimizi wasile nzi waliokufa.

2. Hesabu nzi kila wiki, uandike daftarini. Wakizidi, tumia chambo cha protini chenye dawa, ukinyunyiza sehemu ndogo tu ya kila mti. Jike anahitaji protini ili atage, kwa hiyo chambo hiki humpata yeye pia.

3. Okota maembe yaliyoanguka, uyafukie kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Funza hutoka kwenye embe bovu, huingia udongoni, na baada ya siku chache huwa nzi.

Akina mama wale walikuwa wameacha maembe yaoze chini ya miti. Na jirani zao pia. Nzi hajui mpaka wa shamba, kwa hiyo mkulima mmoja akifanya peke yake anajichosha bure.

Mjadiliane kikundini: Nani atahesabu nzi? Shimo tutachimba wapi? Na jirani asiye mwanachama tutamwendeaje?