Kikapu cha Ukili na Taa za Gari

Tarehe 31 Oktoba jua la London huzama saa kumi na nusu hivi za alasiri, na saa za nchi zimerudishwa nyuma siku chache tu kabla. Kwetu Mkomani, Mombasa, adhana ya magharibi haipishani hata kwa saa nzima mwaka wote, kwa hivyo hatukulelewa na hofu ya kiza kinachoingia watoto wangali njiani kutoka skuli. Jioni hiyo, ya Halloween, inawahusu wazazi wanaowaruhusu wana wao wabishe milango ya majirani kuomba peremende. Inawahusu vilevile wasioruhusu, maana watoto wao hurudi kutoka madrasa jioni hiyohiyo, wakivuka barabara hizohizo.

Kila Oktoba simu zetu hujaa onyo la peremende zilizotiwa sumu. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amepekua taarifa za tangu 1958 na hajapata kisa kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa na mtu asiyemjua kwa sumu ya kugawiwa mlangoni. Yule mtoto wa miaka 8 wa Texas aliyekufa kwa sianidi mwaka 1974 alipewa na babake mzazi, aliyekuwa akitamani fedha za bima. Kinachoua ni gari. Hesabu ya Marekani ya 1975 hadi 2016, iliyochapishwa na jarida la JAMA Pediatrics, ilionyesha waenda kwa miguu 608 waliokufa katika jioni 42 za Halloween. Hatari ilikuwa kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baadaye. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ilikuwa mara kumi.

Basi mtoto na afundishwe kuonekana. Mawaidha huingia sikio hili yakatokea lile. Kazi ya mikono hukaa. Tunampa kikapu kidogo cha ukili cha kutilia peremende, kile cha miyaa ya mkoma ambacho mama zetu husuka wakiwa barazani, kisha tunamwekea mbele sindano, uzi na utepe wa riflekta, ule ulio kwenye vizibao vya bodaboda. Asiye na kikapu hushona mfuko wa kanga kuukuu.

Utepe ukishakaa, tunazima taa. Mtoto mmoja anasimama mbali na kikapu chake, mwingine anashika tochi kando ya jicho. Kikapu kinawaka. Aliyesimama ubavuni haoni ila utepe wa kijivu, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Utepe ule una shanga ndogo mno za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hivyo anayeuona ni dereva aliyekaa nyuma ya taa zake, hata kama rafiki aliye pembeni haoni mng'ao wowote. Wabadilishane tochi hadi kila mmoja awe dereva.

Kisha tunanyoosha kamba ya mita 23. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema gari linalokwenda kilomita 48 kwa saa huhitaji urefu huo hadi lisimame, na mita 9 kati ya hizo hupita dereva hajakanyaga breki. Watoto wanaitembea ile kamba wenyewe. Sijaona maelezo ya mdomo yanayoifikia.

Utepe wa kikapuni, au hata wa kifuani, hautoshi. Jicho la dereva hutambua mtu upesi zaidi viungo vinapocheza, ndiyo maana tunashona pia vikuku vya miguuni, kama njuga za mcheza ngoma. Barakoa tunaziacha, kwa kuwa humziba mtoto macho ya pembeni. Uso upakwe rangi za maji zilizotengenezwa kwa ngozi. Mama zangu, nawasihi, msitumie piko ya rangi ya nywele, inaweza kuchoma ngozi na kuacha kovu. Taa iwe ya betri. Mwaka 2014 binti wa mtangazaji Claudia Winkleman, mwenye miaka 8, aliungua vibaya vazi lake la Halloween liliposhika moto wa mshumaa.

Mabaki ya utepe yana kazi nyumbani. Sheria ya Kenya inamtaka mwendesha bodaboda avae kizibao cha riflekta, lakini mtoto anayevuka Links Road huko Mombasa baada ya magharibi, katikati ya matatu na tuktuk, hana hata kipande, ilhali wanaokufa zaidi katika barabara za Kenya ni waendao kwa miguu. Watakaosafiri kwenda huko Disemba wachukue vikuku ambavyo watoto wa huku London wamewashonea binamu zao wa Mkomani: viwili kwa kila mtoto, vyenye mpira ndani ili viingie mguu wowote, na utepe uzunguke pande zote, kwa sababu gari huja kwa mbele na kwa nyuma.