Rangi ya Kitunguu cha Mang'ola na Swichi za Jeni

Kitunguu chekundu kinacholimwa kwa umwagiliaji Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, kina rangi hiyo kwenye tunguu tu. Mizizi yake ni myeupe na majani yake ni ya kijani. Hata hivyo, kila seli hai ya mmea huo ina jeni zilezile, zikiwemo zinazotengeneza rangi nyekundu. Tofauti ni kwamba katika tunguu jeni hizo zimewashwa, na katika mizizi zimezimwa.

Mijadala mingi kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yaani GMO, huishia kwenye swali la jeni ilikotolewa. Swali zito zaidi huulizwa mara chache: jeni hiyo itafanya kazi katika sehemu gani ya mmea, wakati gani na kwa nguvu kiasi gani?

Kazi hiyo huongozwa na kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni, kinachoitwa promota. Zipo promota zinazofanya kazi wakati wote, zipo za kwenye punje au mizizi tu, na zipo zinazoamshwa na ukame. Mahindi ya Karatu yanapokosa mvua, mmea hutoa homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo hufunga vinyweleo vya majani na kuwasha jeni za kuhimili kiu. Hayo hufanyika bila mkono wa maabara.

Mtaalamu wa uhandisijeni huiunganisha jeni anayoitaka na promota aliyoichagua. Iliyotumika sana inaitwa 35S, nayo ilitolewa katika virusi vinavyoshambulia koliflawa. Huwasha jeni karibu katika mmea mzima. Katika mchele wa dhahabu, uliokusudiwa kupunguza upungufu wa vitamini A, zilichaguliwa promota za kwenye punje, kwa kuwa kinacholiwa ni punje.

Tanzania iliwahi kuwa na jaribio la aina hiyo. Oktoba 2016 mahindi ya mradi wa WEMA yalipandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya eneo lililodhibitiwa, chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Yalikuwa na jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, ambayo protini yake huisaidia seli kuendelea na kazi wakati wa ukame. Promota yake ilitoka katika mpunga, nayo haisubiri ukame: jeni hubaki imewashwa hata mvua inaponyesha. Ni njia rahisi kuitekeleza, lakini mmea hutengeneza protini hiyo hata usipoihitaji.

Udhibiti huo hauendi kila mara kama ulivyopangwa. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuongeza jeni ya rangi katika maua ya petunia. Walitarajia zambarau iliyokolea. Baadhi ya maua yalitoka meupe kabisa, kwa sababu mmea ulizima jeni iliyoongezwa pamoja na ya kwake. Tukio hilo lilisaidia kufungua njia ya kuzima jeni kwa makusudi kwa kutumia RNA, na mbinu hiyo ndiyo iliyotumika katika muhogo unaokinza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioidhinishwa na mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya mwaka 2021. Mahali jeni inapoangukia katika kromosomu nako hubadili nguvu yake, ndiyo maana mmea mmoja uliofanikiwa hutanguliwa na mingi iliyoachwa.

Januari 2021 Profesa Adolf Mkenda, wakati huo Waziri wa Kilimo, alitangaza kusitishwa kwa majaribio ya GMO nchini. Mbegu chotara zinazouzwa katika maduka ya pembejeo ya Karatu si GMO. Hupatikana kwa kuchavusha mistari miwili au zaidi ya mahindi ya kawaida. Kwa bahati mbaya mambo haya mawili bado huchanganywa.

Kwa Wilaya ya Ngorongoro suala hili lina uzito wa pekee. Ndani ya eneo la hifadhi kilimo hakiruhusiwi, lakini Loliondo na Sale wananchi hulima, na wilaya inapakana na Kenya, ambako serikali iliondoa zuio la GMO Oktoba 2022 na uamuzi huo ukapelekwa mahakamani. Chavua ya mahindi husafiri kwa upepo, na jeni inapohamia shamba la jirani huenda pamoja na promota yake, ikiwa imewashwa vilevile.

Kwa macho, punje hizo hazitofautiani na nyingine. Kwa mkulima, kinga ya kwanza ni kununua mbegu yenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI. Maabara nayo, inapopima sampuli isiyojulikana, mara nyingi huanza kwa kuitafuta promota ya 35S, kwa sababu imo katika mazao mengi ya GMO hata pale ambapo jeni zilizoingizwa ni tofauti.