Kabla ya Kumshuku Jirani, Tulisome Jani la Mahindi

Mashamba mawili hupakana. Mbegu ni moja na mvua ni moja, lakini moja hunawiri na jingine hudumaa, majani yakawa ya manjano. Hapo ndipo shetani hupata mlango. Mwenye shamba lililodumaa huanza kunong'ona juu ya jicho la jirani yake, na ujirani wa miaka mingi ukavunjika. Husda ipo, wala hatuikanushi. Lakini kumdhania Muislamu mwenzako ubaya bila ushahidi ni dhambi. Ushahidi, mara nyingi, umo katika jani lenyewe.

Mmea huhitaji virutubisho 17. Vitatu huvipata hewani na majini. Vilivyobaki huvitoa ardhini kwa mizizi. Kikipungua kimoja, wingi wa vingine hauzibi pengo lake. Kanuni hiyo ilienezwa katika karne ya 19 na mwanakemia wa Kijerumani, Justus von Liebig: mavuno hufuata kirutubisho kilicho haba kuliko mahitaji.

Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini. Umanjano huingia kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati hadi kwenye shina, bua likabaki jembamba na gunzi dogo. Fosforasi ikikosekana, miche huwa na rangi ya zambarau, mizizi haienei, na mahindi huchelewa kukomaa. Potasiamu ikipungua, kingo za majani hukauka kana kwamba zimeunguzwa, na bua dhaifu huangushwa na upepo.

Kwa nini majani ya chini ndiyo yanayotangulia kuumia? Kwa sababu virutubisho hivi huhama ndani ya mmea. Jani kuukuu huvitoa na kulipa jani changa, mfano wa mama anayejinyima ili mwanawe ale. Zinki na chuma havihami kwa wepesi huo. Ndiyo maana njaa yake huonekana juu, kwenye majani machanga. Mahindi yaliyokosa zinki huwa na mistari iliyopauka karibu na kitako cha jani, na vipingili vya bua hufupika.

Jambo hili haliishii shambani. Nafaka iliyoota katika udongo wenye uhaba wa zinki hubeba zinki kidogo, na mtoto anayelishwa ugali mtupu wa nafaka hiyo huweza kukosa madini anayoyahitaji kwa ukuaji wake na kinga ya mwili. Njaa ya udongo huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuache kuchoma mabua. Moto huipeperusha naitrojeni hewani, na ardhi hubaki bila kitu cha kuoza na kuirutubisha. Pili, tupande kunde, choroko au mbaazi pamoja na mahindi, kwani vijidudu vilivyomo katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewa. Tatu, turejeshe shambani samadi iliyoiva. Nne, tupime udongo kabla ya kununua mbolea. Umanjano huweza pia kuletwa na maji yaliyotuama, na kumwaga urea penye upungufu wa fosforasi hakuliondoi tatizo. Kwa walioko Tanzania, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, mkoani Tanga, kinashughulika na elimu ya udongo. Na maafisa ugani wamo wilayani. Tuwaulize.

Lipo na jambo la dini. Zaka ya nafaka ni sehemu moja ya kumi kwa shamba linalonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo baadhi ya wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilo 653. Shamba lenye njaa halikifikii kiwango hicho. Hasara si ya mkulima peke yake, bali na ya yatima na fukara ambao haki yao ingetoka humo.

Ardhi ni amana. Tunaivuna kila mwaka, tuirudishie chake. Na yule jirani tuliyemshuku, twende tukamsalimie, kisha tumuulize ametia nini shambani mwake.