Jinsi asilimia ya ushuru inavyoamua bei ya keg na soko la mtama

KILA Waziri wa Fedha anapowasilisha bajeti mwezi wa Juni, mnywaji bia husubiri jibu la swali moja tu: bei itapanda au la? Mkulima wa mtama katika kaunti za Tharaka Nithi, Kitui au Siaya huenda hata hafuatilii hotuba hiyo. Hata hivyo, huenda yeye ndiye mwenye mengi zaidi ya kupoteza.

Sababu ni kwamba bia ya keg, inayouzwa kwa bei nafuu katika mitaa ya mabanda na vituo vya biashara mashinani, ipo kwa hisani ya kifungu kimoja cha sheria ya ushuru. Kifungu hicho kikibadilishwa, athari huanzia kiwandani, zikapitia baa na kuishia shambani.

Ushuru wa bidhaa hutozwa bidhaa na huduma chache zilizoorodheshwa na sheria, zikiwemo bia, pombe kali, sigara, soda, maji ya chupa na huduma za simu. Kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini, anayewasilisha fedha hizo kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ni mwenye kiwanda, na wajibu wake huanza pindi bidhaa zinapotoka kwenye bohari yake. Lakini anayezilipa hasa ni mnunuzi, kwa kuwa ushuru huo hujumlishwa katika bei.

Kuna njia mbili za kuutoza. Ya kwanza ni asilimia ya thamani ya bidhaa. Ya pili ni kiasi maalumu kwa kipimo, mathani shilingi kadhaa kwa kila lita. Bia hutozwa kwa njia hii ya pili, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ushuru wa shilingi zile zile kwa lita humwelemea zaidi mnywaji wa bia ya bei ya chini kuliko wa bia ya bei ya juu.

<b>Chimbuko la keg</b>

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki jijini Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Pombe hiyo iliitwa kumi-kumi, jina lililotokana na bei yake ya Sh10 kwa glasi. Wengine waliponea chupuchupu lakini wakapoteza uwezo wa kuona.

Mkasa huo ulifichua ukweli mchungu. Maskini hakuwa akinywa sumu kwa kupenda, bali bia halali ilikuwa imempita kimo kwa bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilikuwa ushuru.

Ndipo mwaka wa 2004 kampuni ya Kenya Breweries ilipozindua bia ya Senator, baada ya serikali kukubali kuipunguzia ushuru bia iliyotengenezwa kwa nafaka ya humu nchini isiyo kimea. Baadaye ushuru huo uliondolewa kabisa. Wanywaji wengi waliibandika bia hiyo jina la "Obama", kwa kuwa wakati huo Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois nchini Marekani.

Kiwanda kilipogeukia mtama, wakulima wa maeneo kame walipata soko ambalo hawakuwa nalo awali. Mtama wa aina ya gadam, unaostahimili ukame na kukomaa upesi, ukageuka kuwa zao la biashara katika sehemu ambako mahindi hukauka kabla ya kuchanua.

<b>Pigo la 2013</b>

Mwaka wa 2013, serikali ikiwa mbioni kutafuta fedha za bajeti, msamaha huo ulipunguzwa kutoka asilimia 100 hadi asilimia 50. Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa rahisi: chukua lita zinazouzwa kwa mwaka, zidisha kwa nusu ya ushuru, na mabilioni yanaingia.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ilitegemea lita zilizokuwa zikiuzwa kabla ya bei kupanda. Bei ilipopanda, wanywaji waliihama keg na mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Lita zilizotarajiwa kuleta ushuru hazikuwepo tena.

Kiwanda nacho kikapunguza ununuzi wa mtama, na wakulima waliokuwa wamepanda kwa kutegemea mikataba wakabaki na magunia bila mnunuzi.

Mnamo Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Si haki kuutwika ushuru lawama yote ya vifo hivyo, kwani waliotia sumu ni wafanyabiashara walaghai, na waliowaachia mwanya ni wakaguzi waliozembea. Hata hivyo, mkasa huo ulirejesha mjadala wa miaka ya kumi-kumi: bia halali ya bei nafuu ikitoweka, mnywaji wa kipato cha chini huelekea wapi?

<b>Masharti mapya</b>

Serikali ililegeza kamba. Mwaka wa 2015 msamaha ulipandishwa hadi asilimia 90. Mwaka huo huo Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ilipitishwa, ikaanza kutumika Desemba 1 na kuchukua nafasi ya sehemu ya sheria ya zamani iliyounganisha forodha na ushuru wa bidhaa.

Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinampa waziri uwezo wa kusamehe ushuru, wote au sehemu yake, kwa bia au divai iliyotengenezwa kwa mtama, wimbi, muhogo au mazao mengine ya humu nchini, isipokuwa shayiri. Kanuni zilizotolewa 2017 ziliweka msamaha huo kuwa asilimia 80.

Aidha, kanuni hizo zilitaka bia hiyo iwekwe katika mapipa ya lita 30 au zaidi. Sharti hilo lina mantiki yake. Pipa hupunguza gharama ya chupa, na hufanya iwe vigumu kwa mjanja kuchukua bia iliyosamehewa ushuru na kuiuza kwa bei ya juu katika mikahawa ya kifahari.

Ili kuelewa uzito wa asilimia hizo, chukulia kiwango cha Sh100 kwa lita kilichowekwa na sheria ya 2015. Kikombe cha mililita 300 bila msamaha wowote kingebeba ushuru wa Sh30. Kwa msamaha wa asilimia 50, ushuru ungekuwa Sh15. Kwa asilimia 80 ni Sh6, na kwa asilimia 90 ni Sh3 pekee. Kwa mtu mwenye kibarua cha mjengo anayehesabu sarafu mfukoni, tofauti kati ya Sh3 na Sh15 kwa kila kikombe ndiyo huamua ataingia baa au ataelekea kwa mpishi wa chang'aa.

Ni baada ya msamaha huo kuthibitishwa ambapo kampuni hiyo iliwekeza takriban Sh15 bilioni kufufua kiwanda chake cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi. Kiwanda hicho kilianza kazi 2019, na soko la mtama likasogea karibu na wakulima wa Nyanza na Magharibi.

<b>Kipimo kipya</b>

Mabadiliko hayakuishia hapo. Kufikia Oktoba 2022 ushuru wa bia ulikuwa umefika Sh142.44 kwa lita, na wa pombe kali Sh356.42. Kisha kuanzia Desemba 27, 2024, kipimo chenyewe kilibadilishwa. Badala ya kupima lita za kinywaji, sheria ikaanza kupima kileo halisi kilichomo: Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo katika bia, na Sh10 kwa pombe kali. Watengenezaji wadogo wa bia waliwekewa Sh10.

Lita moja ya bia yenye nguvu ya asilimia 5 ina sentilita tano za kileo, hivyo ushuru wake ukawa Sh112.50, chini ya ule wa awali. Lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina sentilita 40, na ushuru wake ukapanda hadi Sh400.

Kabla ya hapo, sentilita moja ya kileo ndani ya bia kama hiyo ilitozwa takriban Sh28.50, ilhali ndani ya pombe kali ilitozwa Sh8.90 hivi. Pengo hilo lilipungua, ingawa bado kileo kilichomo katika bia kilitozwa zaidi ya maradufu ya kile kilichomo katika pombe kali. Anayetaka kulewa kwa gharama ndogo huiona tofauti hiyo bila kusoma sheria.

Wapo wanaopinga msamaha wa keg, nao wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza ushuru wa juu kama mojawapo ya njia bora za kupunguza madhara ya pombe, na bia rahisi pia huvunja familia na kudhoofisha vijana. Lakini pendekezo hilo hufaa zaidi pale ambapo pombe haramu imedhibitiwa. Pasipo udhibiti, kupandisha bei ya bia halali huweza kumsukuma mnywaji kwenye tamaa ya rahisi, na tamaa mbele mauti nyuma.

Katiba nayo haikuacha suala hili kwa hiari ya waziri pekee. Kipengele cha 210 kinaagiza kwamba kila msamaha wa ushuru uwekewe rekodi iliyo wazi kwa umma pamoja na sababu zake, na ripoti yake iwasilishwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwananchi ana haki ya kuuliza ni nani amesamehewa, kiasi gani, na nchi imepata nini kwa kufanya hivyo.

Swali linalosalia ni la kalenda. Katika kaunti za Magharibi na Nyanza, mtama hupandwa mvua ndefu zinapoanza, karibu mwezi wa Machi. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko mengi ya ushuru huanza kutekelezwa Julai, wakati masuke yanakaribia kuvunwa. Mkulima hulazimika kuweka mbegu ardhini miezi mitatu kabla ya kujua asilimia itakayoamua iwapo atapata mnunuzi.