Kwa nini moyo huenda mbio ukisimama?

Ukisimama, damu huteremka miguuni. Kwa kawaida mishipa hujibana upesi kuirudisha juu. Kwa baadhi ya watu, hasa wasichana na wanawake vijana, mishipa haijibani vya kutosha, hivyo moyo hukimbia kufidia. Si woga, wala hujarogwa.

Jipime: lala dakika 5, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika 1. Simama dakika 10, mtu akiwa karibu, uhesabu tena. Mtu mzima akiona yameongezeka 30 au zaidi, aende zahanati. Upungufu wa damu au maji mwilini pia huleta hali hiyo.

Inuka polepole na unywe maji ya kutosha. Ukizimia au kifua kikiuma, wahi hospitali.