Sonona kwa Mgonjwa wa Saratani ya Mapafu: Watafiti Wanatuambia Nini

Mgonjwa wa saratani ya mapafu anapokaa kimya siku nzima, akasukuma sahani pembeni na kukataa wageni, jamaa zake huambiana: nani asingehuzunika? Kauli hiyo ina huruma, lakini pia huwanyima wengi tiba. Huzuni baada ya habari mbaya ni jambo la kawaida. Sonona ni ugonjwa: humkalia mtu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, humwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda na kumfanya ajione mzigo kwa wengine. Ugonjwa huo unatibika, hata pale ambapo saratani yenyewe haiponi.

Kwa miaka mingi watafiti walishughulika zaidi na kuhesabu. Nchini Uingereza, uchunguzi wa wagonjwa 987 wa saratani ya mapafu, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta theluthi moja wakijieleza kuwa na dalili za sonona hata kabla ya kuanza tiba. Mwaka 2014 watafiti wa Scotland walichapisha takwimu za watu zaidi ya 21,000 waliohudhuria kliniki za saratani. Kati ya aina za saratani walizozilinganisha, ya mapafu ndiyo iliyoongoza: asilimia 13 ya wagonjwa wake walikuwa na sonona kali. Msomaji asishangae kuona tarakimu zinatofautiana, kwa kuwa hesabu ya kwanza ilitegemea majibu ya hojaji pekee, na ya pili ilithibitishwa kwa mahojiano. Kwetu sisi, jambo zito zaidi katika ripoti ya Scotland ni jingine: karibu robo tatu ya wagonjwa wote wa saratani waliokutwa na sonona hawakuwa wakipata tiba yoyote ya kufaa.

Sababu za kupitwa namna hiyo si ngumu kuziona. Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula huletwa na saratani, huletwa na dawa zake, na huletwa na sonona vilevile. Daktari mwenye foleni ndefu huziweka zote katika kapu moja. Tena saratani hii mara nyingi hugunduliwa imekwisha kuenea, na kuishiwa pumzi huzaa hofu ya usiku na mchana. Juu ya hayo upo unyanyapaa. Mgonjwa huulizwa kwanza kama alivuta sigara, hata yule ambaye hakuigusa maishani, na mwenye kujilaumu huona haya kuomba msaada.

Sasa mwelekeo umegeuka kutoka kuhesabu hadi kutibu. Utafiti mashuhuri ulifanyika Boston, Marekani, ukachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 ambao saratani yao ya mapafu ilikuwa imeenea waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata tiba ya saratani ya kawaida, jingine likaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Baada ya majuma 12, dalili za sonona zilionekana kwa asilimia 38 ya kundi la kwanza na asilimia 16 tu ya kundi la pili, ingawa makundi yote mawili yaliandikiwa dawa mpya za sonona kwa kiasi kinachokaribiana. Kundi la pili liliishi muda mrefu zaidi pia, ila tafiti zilizofuata hazikuthibitisha zote faida hiyo, na hatupendi msomaji aiweke mbele. Huko Scotland nako, mwaka 2014, wagonjwa 142 wenye saratani ya mapafu pamoja na sonona walishirikishwa katika jaribio jingine. Waliohudumiwa na wauguzi wa saratani waliofunzwa, wakisaidiana na madaktari wa akili, walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kliniki yake: nani hapa anapima sonona, na tiba shufaa inaanza lini? Asikubali kuambiwa kwamba tiba shufaa ni ya siku za mwisho tu. Hojaji fupi ya maswali tisa itumikayo sana duniani imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nchini Kenya. Lugha basi si kisingizio.

Anayeandikiwa dawa za sonona ajue kwamba huchukua majuma kadhaa kufanya kazi, na asiziache ghafla. Amwonyeshe daktari wa saratani kila anachomeza, mitishamba ikiwamo, maana baadhi ya mimea hupunguza nguvu ya dawa za saratani. Muuzaji anayeahidi kuponya saratani na huzuni kwa chupa moja aepukwe.

Swali la tisa katika hojaji ile huuliza kama mtu amefikiria kufa au kujidhuru. Ikiwa jibu ni ndiyo, mgonjwa asiachwe peke yake, na mhudumu wa afya aarifiwe siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.